Barua kwa Mama Neema: ada ya HOA kabla hamjaweka saini

Gaithersburg, Maryland
Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, watoto wanaendelea na shule, Baba Daudi bado yuko zamu za usiku na usingizi wake ni wa mchana. Habari ya kupata kazi ya hospitali imetufurahisha mno. Baada ya miaka yote hii ya kusikilizana kwenye simu, mtakuwa umbali wa basi moja tu.

Umeniuliza kati ya ile fleti ya Germantown yenye ada ya HOA, yaani ya chama cha wenye nyumba kinachotunza jengo, ya dola 310 kwa mwezi na hii ya Gaithersburg yenye ada ya dola 690, mchukue ipi. Ukaongeza kwamba shemeji keshaifuta ya Gaithersburg, kwa maana dola 690 juu ya mkopo anaona ni kulipa kodi ya pango ndani ya nyumba yako mwenyewe. Namwelewa. Mtu aliyehangaika miaka na kodi za Minneapolis akisikia kwamba hata ukinunua kuna malipo ya kila mwezi yasiyoisha, lazima ashtuke. Lakini nawaombeni msiamue bado. Nimezisoma karatasi za nyumba zote mbili ulizonitumia, na unajua kwamba nipo kwenye bodi ya chama cha hapa tunapokaa, kwa hiyo vitabu vya namna hii vinapita mikononi mwangu kila mwezi. Nakuandikia barua ndefu kwa sababu jambo hili likielezwa kwa simu hupotea nusu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomsumbua shemeji. Ya Germantown inauzwa dola 265,000, ya Gaithersburg dola 215,000. Mkiweka kianzio kilekile cha dola 25,000, mtabaki na mkopo wa 240,000 kwa ile na 190,000 kwa hii. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 30, kila dola 1,000 za mkopo hulipwa kwa takriban dola 6.32 kwa mwezi. Yaani Germantown dola 1,517, Gaithersburg dola 1,201. Weka ada juu yake: 1,827 kwa 1,891. Tofauti yote aliyoiogopa shemeji imeshuka hadi dola 64.

Sasa angalieni ada hiyo inalipia nini. Jengo la Gaithersburg ni la miaka ya sabini, lina boila moja na mita moja kwa wote, hivyo ndani ya zile 690 mna gesi, maji, umeme na joto la kipindi cha baridi. Ile 310 ya Germantown inalipia taka, kusafisha theluji, kukata majani, bima ya jengo na bwawa la kuogelea linalofunguliwa miezi mitatu. Umeme na maji ni juu yenu. Familia ya watu watano, mnapika kila siku, wote mnaoga maji ya moto alfajiri: msikadirie chini ya dola 200 kwa mwezi. Mkishaziongeza hizo, Germantown inafika 2,027 na Gaithersburg inabaki 1,891. Nyumba yenye ada kubwa ndiyo nafuu, tena kwa zaidi ya dola 130 kila mwezi, na kodi ya kaunti ya nyumba yenye thamani ndogo kwa kawaida huwa ndogo pia.

Ila lijueni hili kabla ya kwenda kwa mkopeshaji: benki kwa kawaida huhesabu ada ya HOA kama sehemu ya mzigo wenu wa mwezi, lakini bili ya umeme haiihesabu. Kwa macho yao, dola 690 ni sawa na mkopo mwingine wa takriban dola 109,000. Kwa hiyo mnaweza kukubaliwa Germantown na kukwamishwa Gaithersburg, ingawa mfukoni mwenu ukweli ni kinyume chake. Ulizeni mapema, mkiwa bado hamjalipia ukaguzi.

Mpaka hapo nimesema habari ya mwezi kwa mwezi tu. Jambo lililonifanya nikae chini niandike ni akiba.

Unakikumbuka kikoba chetu cha Sinza, na lile sanduku la kufuli tatu. Hakuna mama aliyekubali kuingia kabla ya kuona daftari: nani kalipa, nani anadaiwa, sanduku lina shilingi ngapi, na zikitoka zimetoka kwa idhini ya nani. Kuna mmoja aliyetuambia kiingilio chake ni kidogo kuliko chetu, akatukaribisha kwake, na wewe ndiye uliyeuliza, "Na sanduku lenu lina nini?" Mama Neema, unaponunua fleti huku Marekani hununui kuta peke yake. Unaingia chama na watu usiowajua, paa ni la wote, mabomba ni ya wote, deni likija ni la wote, na kutoka kwake ni mpaka uuze. Uliza swali lilelile.

Niliuliza kwa niaba yako. Jengo la Germantown lilijengwa 1987 na lina nyumba 64. Akiba yake kwenye hesabu za mwisho ni dola 38,000. Gawanya: haifiki hata dola 600 kwa kila nyumba. Paa likifika mwisho, na mkandarasi akaja na bei ya dola 400,000, ambayo kwa majengo ya ukubwa ule haishangazi, kila mwenye nyumba atatakiwa kutoa kama dola 6,000 kwa mkupuo. Huo ndio mchango maalumu, na hauna hiari. Usipolipa, chama kinaweza kuweka dai juu ya nyumba yako, na kwa kufuata sheria kikafika hadi kuiuza. Gaithersburg wana nyumba 180 na akiba ya dola milioni 1.1, yaani kama dola 6,100 kwa kila nyumba. Hiyo si tajiri kwa jengo la umri ule, lakini inaonyesha watu wamekuwa wakiweka kila mwezi wakijua boila itazeeka.

Sasa rudi kwenye ile 310 uione upya. Ni ndogo kwa sababu waliokaa pale tangu 1987 hawakuiwekea paa akiba ya kutosha. Wamekaa chini ya paa hilo miaka yote, wengine wameuza na kuondoka, na bili wanamwachia atakayekuja. Bei ya ada ikiwa chini namna hiyo kwa jengo kongwe, mimi huogopa zaidi kuliko ikiwa juu.

Usidhani ninatia chumvi. Juni 24, 2021, saa saba na kitu usiku, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, huko Surfside, Florida, ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Jengo lilikamilika 1981 na lilikuwa na nyumba 136. Chanzo cha kuanguka ni kazi ya wahandisi kukieleza, siwezi kukisemea, lakini habari ya fedha iliandikwa na magazeti yote na kila aliye kwenye bodi anapaswa kuijua. Mwaka 2018 mhandisi waliyemwajiri wenyewe aliwaandikia kwamba zege ya eneo la bwawa na maegesho ya chini ina uharibifu mkubwa. Zikaja bei, yakaja mabishano, wajumbe kadhaa wa bodi wakajiuzulu mwaka 2019, na wenye nyumba wengi hawakutaka kusikia neno la kulipa. Hatimaye Aprili 2021 wakapitisha mchango maalumu wa dola milioni 15. Aliyepangiwa kidogo alitakiwa kutoa takriban dola 80,000. Malipo yalikuwa yaanze Julai. Jengo halikufika Julai.

Ninapokumbuka habari hii kwenye vikao vyetu, na mzee mmoja akasimama kusema tusipandishe ada hata dola 10 kwa sababu yeye anaishi kwa pensheni, moyo wangu hugawanyika. Namwonea huruma kweli, maana najua pensheni ya huku. Na bado napiga kura ya kupandisha. Kutompandishia leo ni kumletea bili ya maelfu akiwa na miaka 80.

Baada ya Surfside mambo mengi yamebadilika. Florida walitunga sheria mwaka 2022 kulazimisha ukaguzi wa majengo ya ghorofa tatu na zaidi yakishazeeka, na kuzuia wenye nyumba kupiga kura ya kukwepa akiba ya vitu vinavyoshikilia jengo. Huku Maryland, sheria ya 2022 inataka vyama vifanye uchunguzi wa akiba (reserve study) kila baada ya miaka 5: mtaalamu anapita, anaandika kila kitu cha pamoja, paa, lifti, lami, boila, kimebakiza miaka mingapi na kitagharimu kiasi gani, kisha chama kipange fedha kufuatana na hesabu hiyo. Ombeni ripoti hiyo kwa jina lake. Germantown hawakuiambatanisha kwenye karatasi ulizonitumia. Ikiwa ipo, waitoe. Ikiwa haipo, mmeshapata jibu.

Ndiyo maana, ukiona ada za huku zimepanda ghafla, mara nyingi si ulafi. Ni madeni ya zamani yanayolipwa sasa, pamoja na bima za majengo zilizopanda. Gaithersburg ilikuwa dola 560 miaka minne iliyopita na leo ni 690, ongezeko la kama asilimia 5 kila mwaka. Hapa sitaki kuwaficha: kwa mwendo huo, baada ya miaka 10 itapita dola 1,100. Malipo ya mkopo wenu yatabaki 1,201 mpaka mwisho, lakini ada haina kikomo, na mkishamaliza mkopo bado itaendelea. Tena mita moja kwa wote maana yake ni kwamba jirani akifungua dirisha huku joto linawaka, mnamlipia wote. Hiyo ndiyo kasoro ya ile nyumba na shemeji ana haki ya kuisema.

Kuna hatari nyingine ya mita moja. Huko Temple Hills, Kaunti ya Prince George's, kuna jengo la fleti lililokatiwa umeme na gesi kwa sababu chama kilikuwa na deni kubwa na wenye nyumba wengi walikuwa hawalipi ada. Waliokuwa wakilipa kila mwezi bila kukosa walikaa gizani pamoja na wasiolipa. Kwa hiyo uliza asilimia ya wanaodaiwa. Wakopeshaji wakubwa wa nchi hii huwa hawataki jengo ambalo zaidi ya asilimia 15 ya nyumba zimechelewa kulipa kwa siku 60, na kwa miaka mingi wamezoea kutaka angalau asilimia 10 ya bajeti iende kwenye akiba. Jengo likishindwa vipimo hivyo, hata nyinyi mkipata mkopo kwa njia nyingine, siku ya kuuza atakayetaka kununua kwenu anaweza kukosa mkopo. Gaithersburg wanaodaiwa ni asilimia 6. Germantown karatasi haisemi.

Sasa jinsi ya kuzipata habari hizi bila kubembeleza mtu. Sheria ya Maryland inamlazimu anayeuza fleti ya zamani akupe mfuko wa nyaraka: katiba ya chama, kanuni, bajeti, hali ya akiba, kesi zilizopo mahakamani, michango iliyokwisha kupitishwa. Ukishaupokea una siku 7 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, na fedha ulizotanguliza zinarudi. Watu wetu wengi wanaupokea ule mfuko, wanaona kurasa mia mbili za kisheria, wanauweka juu ya friji. Siku 7 zinapita. Usifanye hivyo. Siku utakayoupokea nipigie, tugawane kurasa.

Na zaidi ya ule mfuko, omba mihtasari ya vikao vya bodi ya miaka miwili iliyopita. Mimi hiyo ndiyo naiamini kuliko bajeti, maana bajeti hupambwa. Kwenye mihtasari utaona maneno yanayorudi: kuvuja, wakili, mabomba, mkandarasi aliyeachwa njiani. Germantown mwambie pia mkaguzi aangalie mabomba ya maji. Majengo ya kati ya 1978 na 1995 huku mengi yaliwekewa mabomba ya plastiki ya kijivu, ya polibutilini, yakawa yanapasuka ovyo hadi ikafunguliwa kesi kubwa iliyoisha kwa suluhu mwaka 1995. Jengo la 1987 lipo katikati kabisa ya miaka hiyo.

Halafu kanuni. Hizi hazina bei lakini ndizo mtakazoishi nazo. Ulinieleza ndoto yenu ya kurudi nyumbani mkistaafu mkiwa bado na nguvu, mjenge kule Bagamoyo, na fleti ya huku muipangishe iwalishe. Basi angalia kwanza kama chama kinaruhusu kupangisha. Vyama vingi vina kikomo, wengine asilimia 20 au 25 ya nyumba tu, na ukikuta kimejaa unaingia foleni. Wengine wanataka ukae mwenyewe mwaka mmoja au miwili kwanza. Kwa ramani yenu ya maisha, kifungu hicho kina uzito kuliko bwawa la kuogelea.

Tazama na maegesho ya wageni. Jumuiya ikisali kwenu mtakuwa na magari kumi, na huku gari lililoegeshwa pasipo kibali huvutwa usiku huohuo na mwenyewe hulikomboa kwa mamia ya dola. Jiko la mkaa barazani sahau kabisa. Ni marufuku ya zimamoto kwenye fleti, na chama kitakuandikia faini. Mishkaki mtachoma bustanini kwa kaunti, kama sisi.

Ukiona fleti za Montgomery Village au Columbia zinakuvutia, jua kuna ada za tabaka mbili. Montgomery Village kuna taasisi ya mji mzima inayotoza yake, kisha chama cha jengo lako kinatoza yake. Columbia nako, ule mji uliobuniwa na James Rouse na kufunguliwa 1967, kuna tozo ya mwaka ya Columbia Association inayofuata thamani ya nyumba, mbali na ada ya jengo. Si mbaya, njia zao za kutembea na viwanja vya watoto ni vizuri mno, lakini matangazo mara nyingi huonyesha ada moja tu. Muulize wakala waziwazi: jumla ya malipo yote ya lazima ni ngapi?

Bima pia. Ada inalipia bima ya jengo, haikulipii vitu vyako vya ndani wala marekebisho mliyoyaongeza wenyewe ndani ya nyumba. Mnunue ya kwenu, na mtakapoinunua ombeni kipengele cha kusaidia mchango maalumu unaotokana na ajali, kama moto. Kinaongeza dola chache tu kwa mwaka.

Wewe ungetaka niseme moja kwa moja, nami nasema. Germantown kwa bei ya 265,000 nisingenunua. Wakishusha bei kwa kiasi cha paa na mabomba, na wakaleta ripoti ya akiba, tuongee upya. Gaithersburg ningeendelea nayo, kwa sharti kwamba mihtasari iwe safi na benki ikubali mzigo wake. Na kama benki itakataa, msijilazimishe kwenda Germantown kwa hasira. Pangeni mwaka mmoja mlijue eneo, mtoto azoee shule, muone ni majengo gani yanatunzwa. Kupanga mwaka mmoja zaidi hakutawavunja. Kuitwa kutoa dola 6,000 miezi mitatu baada ya kumaliza fedha zote kwenye kianzio, hapo ndipo nimeona familia zinavunjika, na sitaki iwe yenu.

Mwambie shemeji asinichukulie kwamba nampinga. Anachokikataa ni kulipa bila kujua analipia nini, na katika hilo tuko pamoja. Akitaka kuhakikisha, kaunti yetu ya Montgomery ina tume ya jumuiya za umiliki wa pamoja. Sisi wa bodi tunalazimika kupitia mafunzo yao, na mwenye nyumba akidhulumiwa na chama chake ana mahali pa kupeleka shauri. Si kila kaunti ina kitu kama hicho, na ni sababu nzuri ya kutokuvuka mpaka kwa ajili ya bei peke yake.

Jumanne ijayo bodi ya Gaithersburg ina kikao cha wazi jioni. Nimeuliza, wanaruhusu mgeni akisema anafikiria kununua. Nitakwenda nikae nyuma nisikilize. Nitatazama mweka hazina anavyoulizwa na anavyojibu. Nipe maswali yako kabla ya Jumatatu usiku. Na muuzaji wa Germantown mwandikieni leo aseme ripoti ya akiba iko wapi na wanaodaiwa ni wangapi. Ajibu kwa maandishi.

Mbusu Neema na wadogo zake. Shemeji mwambie namsalimu, na chumba cha wageni kipo tayari wakati wowote mtakapokuja kutazama nyumba.

Wako mwenzio,
Mama Daudi